Sura ya Tano: Kongamano la Mashabiki na Rafu ya Mkusanyaji

Kwa nini mtu asafiri hadi mji wa mbali, alipe dola mia kadhaa na kukaa hotelini siku nne akizungumza na wageni habari za majoka, wachawi na falme ambazo hazikuwahi kuwepo, wakati vitabu vyenyewe vinauzwa mtandaoni na kuletwa hadi mlangoni? Swali hili huulizwa na karibu kila anayesikia habari za makongamano ya mashabiki kwa mara ya kwanza, na ni swali la haki.

Jibu lake ni kwamba kongamano lina vitu vitatu ambavyo duka la mtandaoni halina. Kuna mwandishi mwenyewe, aliyekaa nyuma ya meza na kalamu mkononi. Kuna mchoro halisi, wenye alama za brashi, ambao jalada la kitabu lilipigwa picha kutoka kwake. Na kuna muuzaji mzoefu anayeweza kushika nakala mbili zinazofanana na kueleza kwa nini moja ni ya dola 10 na nyingine ni ya dola 2,000. Mtu anayetaka kukusanya vitabu na sanaa hujifunza mengi kwa huyo wa tatu kuliko kwa hao wengine, kwa sababu mkusanyiko mzuri hujengwa na ujuzi kabla ya kujengwa na fedha. Sura hii inaeleza ujuzi huo unavyopatikana.

Kongamano lilikotoka

Fantasia ni aina ya hadithi ambayo ndani yake mambo yasiyowezekana katika maisha ya kawaida huchukuliwa kuwa ya kweli: uchawi hufanya kazi, wanyama husema, majini hudai haki zao. Kongamano la mashabiki ni mkutano wa siku chache wa wasomaji wa hadithi hizo, pamoja na waandishi, wachoraji, wahariri na wauzaji wa vitabu. Mengi ya makongamano ya zamani hayaandaliwi na kampuni. Huandaliwa na wasomaji wenyewe, kwa kujitolea.

Kongamano kongwe la kimataifa ni Worldcon, ambalo kwa asili ni la hadithi za kubuni za kisayansi lakini limekuwa likipokea fantasia tangu zamani. La kwanza lilifanyika New York tarehe 2 hadi 4 Julai 1939, likahudhuriwa na watu wapatao 200. Wawili kati yao, Forrest Ackerman na Myrtle Douglas, walikuja wamevaa mavazi ya watu wa wakati ujao. Ackerman ndiye aliyetajwa sana katika miaka iliyofuata, lakini aliyeyashona mavazi yote mawili ni Douglas, na desturi ya mashabiki kujivika kama wahusika wa hadithi, ambayo leo imeenea dunia nzima, inamdai heshima hiyo. Tangu 1953 Worldcon imekuwa ikitoa tuzo ya Hugo, ambayo washindi wake huchaguliwa kwa kura za wanachama wa kongamano.

Wapenzi wa fantasia walipata mkutano wao wenyewe mwaka 1975. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo walikutana Providence, mji mdogo wa pwani ya mashariki ya Marekani ambako H. P. Lovecraft, bingwa wa hadithi za kutisha, alizaliwa mwaka 1890 na kufia mwaka 1937. Mkutano huo ukaitwa Kongamano la Dunia la Fantasia, na tangu hapo hufanyika kila mwaka, mara nyingi karibu na mwisho wa Oktoba. Huhama mji kwa mji: hukaa zaidi Marekani, lakini limewahi kufika London na Brighton.

Tofauti kati ya mikutano hii miwili ni kubwa. Worldcon hupokea maelfu ya watu, pamoja na maonyesho ya mavazi na michezo ya usiku kucha. Kongamano la Dunia la Fantasia huweka kikomo cha wahudhuriaji, kwa kawaida kisichozidi elfu moja hivi, na halina shindano la mavazi. Wanaokwenda huko ni watu wa kitabu: waandishi, mawakala, wachapishaji, wachoraji na wakusanyaji. Kwa anayetaka kujifunza ukusanyaji, hili la pili ndilo shule bora, kwa sababu wajuzi ni wengi na umati ni mdogo.

Siku nne zinavyokwenda

Jambo la kwanza linalomshangaza mgeni ni kwamba hanunui tiketi. Ananunua uanachama. Hali hii inaeleweka kirahisi kwa aliyewahi kuwa kwenye kamati ya harusi: kila mmoja ametoa mchango, wengine wanapanga viti, wengine wanakaa mlangoni, na hakuna anayejihesabu kuwa mteja. Makosa madogo ya ratiba husamehewa haraka, na mwanachama mwenye saa moja ya ziada huombwa kusaidia.

Mwanachama hufika siku ya kwanza, huchukua beji yenye jina lake, na katika Kongamano la Dunia la Fantasia hupewa pia mfuko wa vitabu vya bure vilivyotolewa na wachapishaji. Kisha kuna majadiliano, yaani wataalamu wanne au watano wanakaa mbele kuzungumzia mada moja huku wasikilizaji wakiuliza maswali. Kuna pia vipindi vya usomaji, ambapo mwandishi husoma kipande cha kazi yake, wakati mwingine kabla hakijachapishwa. Jioni moja, kwa desturi Ijumaa, hutengwa kwa kutia saini. Waandishi kwa makumi huketi kwenye meza ndefu katika ukumbi mmoja, na msomaji hupita na vitabu vyake bila kulipa chochote. Jumapili hufungwa kwa chakula cha pamoja na utoaji wa Tuzo za Dunia za Fantasia.

Tuzo hizo zina historia ambayo msomaji wa Afrika anapaswa kuijua. Kwa miaka 40 mshindi alipewa kinyago cha kichwa cha Lovecraft, kilichochongwa kwa ubunifu wa mchora vibonzo Gahan Wilson. Lovecraft alikuwa fundi wa kutisha, lakini pia aliandika maneno ya chuki kali dhidi ya watu weusi. Mwaka 2011 Nnedi Okorafor, mwandishi Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, alishinda tuzo ya riwaya bora kwa kitabu chake Who Fears Death. Baadaye akaandika waziwazi juu ya uzito wa kuweka nyumbani kwake kichwa cha mtu aliyewadharau watu kama yeye. Mjadala ukawa mkubwa. Sofia Samatar, ambaye baba yake ni Msomali, alishinda mwaka 2014 na kulisema jambo hilo hilo jukwaani. Mwaka 2015 waandaaji walitangaza kwamba kinyago hicho hakitatolewa tena, na tangu 2017 mshindi hupewa sanamu ya mti uliopinda mbele ya mwezi mpevu, kazi ya mchongaji Vincent Villafranca. Uamuzi ulikuwa sahihi. Vitabu vya Lovecraft bado vinauzwa na kukusanywa bila kikwazo, na hakuna tena mshindi anayekabidhiwa dharau kwa jina la heshima.

*Kwa ufupi:* kongamano ni mkutano wa wanachama. Huwa na majadiliano, usomaji, saini, tuzo, na kumbi mbili ambazo mkusanyaji huzipenda kuliko zote: ukumbi wa wauzaji na ukumbi wa sanaa.

Ukumbi wa wauzaji: kitabu kipi kina thamani?

Ukumbi wa wauzaji ni chumba kikubwa chenye meza nyingi, kila moja ikiwa duka dogo. Kuna vitabu vipya, vitabu vya zamani, majarida ya miaka ya 1930 yaliyofungwa kwenye mifuko ya plastiki, na machapisho ya kampuni ndogo ambayo hayaonekani madukani kamwe. Mgeni huona bahari ya karatasi. Mkusanyaji huona mambo matatu tu katika kila kitabu: chapa, hali na historia.

Chapa ndiyo inayowatatiza wengi. Toleo la kwanza ni umbo la kitabu kama kilivyotolewa mara ya kwanza na mchapishaji. Lakini toleo hilo hilo linaweza kurudi kiwandani mara nyingi. Kila safari ya kiwandani ni chapa moja, na mkusanyaji hutafuta chapa ya kwanza ya toleo la kwanza. Katika vitabu vingi vya miongo ya karibuni, chapa hujulikana kwa mstari wa namba, yaani safu ya tarakimu zilizo kwenye ukurasa wa haki za uchapishaji. Namba ndogo kuliko zote inayoonekana ndiyo namba ya chapa. Safu ikianzia 10 na kushuka hadi 1, chapa ni ya kwanza. Ikiishia 4, ni ya nne. Wachapishaji hawafuati utaratibu mmoja, kwa hiyo mkusanyaji makini hujifunza desturi ya kila kampuni anayoikusanya.

Mfano unaojulikana zaidi ni Harry Potter and the Philosopher's Stone. Mwezi Juni 1997 kampuni ya Bloomsbury ya London ilichapa nakala 500 tu zenye jalada gumu, na nyingi kati yake zilikwenda kwenye maktaba, ambako watoto walizisoma hadi zikachakaa. Nakala hizo hutambulika kwa mstari wa namba unaoishia 1, na pia kwa kosa dogo: ukurasa wa 53, katika orodha ya vifaa vya shule, fimbo moja ya uchawi imetajwa mara mbili. Desemba 2021 nakala moja safi iliuzwa Marekani kwa mnada kwa dola 471,000. Kitabu kilichochapwa miaka michache baadaye, chenye maneno yale yale na utamu ule ule, hupatikana kwa bei ya chakula cha mchana.

Mfano wa pili ni wa zamani zaidi, na una kitu kidogo ambacho kila mpenzi wa vitabu angefurahi kukiona kwa macho yake. The Hobbit ya J. R. R. Tolkien ilitoka tarehe 21 Septemba 1937, nakala 1,500, zikaisha kabla ya Krismasi. Tolkien mwenyewe alichora jaketi, yaani karatasi inayokunjwa kuzunguka jalada gumu: milima yenye theluji, msitu mweusi, joka angani. Kwenye ukingo wa nyuma wa jaketi hilo, mchapishaji alimtaja Dodgson, mtunzi wa hadithi za Alice, lakini jina likachapwa na herufi moja ya ziada: Dodgeson. Jaketi zilikuwa zimekwisha kuchapwa. Mtu akaketi na kalamu ya wino akaifuta ile herufi e kwa mkono, jaketi baada ya jaketi. Mstari ule mdogo wa wino mweusi ni moja ya alama ambazo mnunuzi hutafuta kwanza akionyeshwa nakala ya 1937.

Hali ya kitabu ndiyo inayofuata, na hapa jaketi lina nguvu kubwa ajabu. Kitabu cha miaka ya 1930 kisicho na jaketi huweza kuuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya kile kilicho nalo, kwa sababu watu wa zama hizo walitupa jaketi kama wanavyotupa karatasi ya zawadi. Mihuri ya maktaba, kurasa zilizochorwa, uti wa kitabu uliofifia kwa jua, na bei iliyokatwa kwa mkasi kwenye kona ya jaketi hushusha thamani, kila kimoja kwa kiasi chake. Lakini si kila dosari ni hasara. The Hobbit moja iliyookotwa mjini Bristol katika vitu vya nyumba iliyokuwa ikisafishwa, bila jaketi, iliuzwa mwaka 2025 kwa pauni 43,000.

Historia ya kitabu ni habari za mikono iliyopitia. Mwaka 2015 nakala ya The Hobbit ambayo Tolkien alikuwa amempa mwanafunzi wake wa zamani, pamoja na maneno aliyoyaandika kwa mkono katika Kiingereza cha kale, iliuzwa London kwa pauni 137,000. Wino ule ulikuwa umeongeza kitu ambacho hakuna kiwanda kingeweza kukichapa.

Kampuni ndogo za uchapishaji zinastahili kutajwa peke yake, kwa kuwa ndizo zilizoiweka fantasia hai wakati wachapishaji wakubwa walipoipuuza. Lovecraft alikufa akiwa karibu hajulikani. Marafiki zake wawili, August Derleth na Donald Wandrei, walitafuta mchapishaji wa kukusanya hadithi zake, wakakosa. Mwaka 1939 wakaanzisha kampuni yao, Arkham House, katika mji mdogo wa Sauk City jimboni Wisconsin. Kitabu chao cha kwanza, The Outsider and Others, kilichapwa nakala 1,268 kwa bei ya dola 5, na kiliuzwa polepole kwa miaka. Leo nakala nzuri yenye jaketi huuzwa kwa maelfu ya dola. Katika meza za wauzaji wa kongamano, kampuni ndogo za namna hiyo bado zipo, zinachapa nakala mia tatu au mia tano zenye namba na saini, zikiwa ndani ya kasha. Si zote zitapanda bei. Zilizo nyingi hazitapanda, na anayenunua kwa tamaa ya faida peke yake kwa kawaida huondoka amekasirika.

Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi humuuliza muuzaji maswali haya bila haya:

- Je, hii ni chapa ya kwanza, na umejuaje?
- Je, jaketi ni la kitabu hiki tangu mwanzo, au limehamishwa kutoka nakala nyingine?
- Kuna ukurasa, picha au ramani iliyopungua?
- Kimewahi kutengenezwa au kupakwa rangi mahali popote?
- Nikigundua baadaye kwamba maelezo hayakuwa sahihi, nitarudishiwa fedha?

Muuzaji mwaminifu hupenda maswali hayo. Anayekunja uso aachwe na kitabu chake.

Ukumbi wa sanaa na mnada wa kimya

Ukumbi wa sanaa hupangwa kwa mbao ndefu zilizosimamishwa safu kwa safu, na michoro ikitundikwa pande zote mbili. Hapo ndipo msomaji hugundua kwamba jalada alilolipenda utotoni ni mchoro wa mafuta wenye urefu wa mita moja, na kwamba upo mbele yake, na kwamba unauzwa.

Unauzwa kwa sababu ya desturi moja ya biashara. Mchapishaji anayeagiza mchoro wa jalada kwa kawaida hununua haki ya kuuchapa, wala si mchoro wenyewe. Zamani kampuni nyingi zilibaki na michoro, na mingine ilipotea au kutupwa. Frank Frazetta, aliyechora majalada ya vitabu vya shujaa Conan kuanzia mwaka 1966 na kubadilisha sura ya fantasia kwa misuli, vivuli na moto, alikuwa miongoni mwa waliosimama kidete kudai michoro yao irudishwe. Mwaka 2019 mchoro wake mmoja wa malkia wa Misri, alioukamilisha mwaka 1969, uliuzwa kwa dola milioni 5.4. Mchoro wa rangi za maji ambao kijana Thomas Taylor alichora kwa jalada la Harry Potter ya kwanza akiwa na miaka 23 uliuzwa pauni 85,750 mwaka 2001, na mwaka 2024 ukauzwa tena kwa dola milioni 1.9.

Bei za namna hiyo ni za nyumba kubwa za minada. Katika kongamano, michoro midogo ya kalamu au rangi za maji huanza kwenye makumi ya dola, na huuzwa kwa njia iitwayo mnada wa kimya. Chini ya kila mchoro hubandikwa karatasi yenye jina la msanii, jina la kazi, aina ya rangi na bei ya kuanzia. Chini yake kuna mistari mitupu. Tuseme bei ya kuanzia ni dola 80. Mtu wa kwanza anaandika namba yake ya mnunuzi na dola 80. Akija wa pili anaandika 95. Wa kwanza akirudi jioni na kuona amepitwa, anaandika 110. Saa ya kufunga ikifika, aliye wa mwisho amepata. Mistari ikijaa kabla ya hapo, mchoro hupelekwa kwenye mnada wa sauti, ambako dalali husimama mbele na watu huinua mikono. Baadhi ya karatasi huwa pia na bei ya kununua papo hapo, ambayo haina maana tena mara tu mtu wa kwanza akishaandika.

Mnunuzi mpya anahitaji kutofautisha vitu vinne ambavyo kwa mbali hufanana. Mchoro halisi ni ule ulioshikwa na brashi ya msanii, na ni mmoja tu duniani. Chapa yenye kikomo ni nakala iliyotolewa kwa idadi iliyotangazwa, ikiwa na saini na namba ya namna ya 35/250, yaani ya 35 kati ya 250. Nakala ya msanii ni chapa iliyotengwa nje ya hesabu hiyo kwa ajili yake mwenyewe. Chapa ya wazi haina kikomo, na ni pambo zuri la ukutani lisilohitaji kulipiwa bei ya kitu adimu. Katika miaka ya karibuni wachoraji wengi wamehamia kwenye kompyuta, kwa hiyo majalada mengi mapya hayana mchoro halisi kabisa. Ndiyo sababu kazi za mafuta za miaka ya 1960 hadi 1990 zinagombewa.

Jambo moja husahauliwa mara kwa mara: kununua mchoro hakumpi mnunuzi haki ya kuuchapa. Anaweza kuutundika sebuleni, kuurithisha au kuuuza. Hawezi kuutia kwenye fulana. Haki hiyo hubaki kwa msanii isipokuwa kama imeandikwa vinginevyo.

Saini na adabu yake

Saini tupu ni jina la mwandishi peke yake. Maandishi ya kumtaja mtu, kwa mfano maneno ya salamu kwa jina la mwenye kitabu, ni kitu kingine. Wauzaji hupenda saini tupu kwa kuwa humfaa mnunuzi yeyote, lakini anayekusanya kwa mapenzi hana sababu ya kukataa jina lake liandikwe. Pahali pa saini kwa desturi ni ukurasa wa jina la kitabu, si ndani ya jalada.

Adabu ya foleni ni nyepesi kuifuata. Mwenye vitabu kumi hutoa viwili au vitatu, kisha hurudi nyuma ya foleni. Kitabu hufunguliwa kwenye ukurasa sahihi kabla ya kufika mezani. Jina gumu huandikwa kwenye kipande cha karatasi ili mwandishi asikosee herufi, na majina mengi ya Kiswahili yanahitaji karatasi hiyo mbele ya mwandishi wa Chicago. Saini zilizonunuliwa mbali na mwandishi zichunguzwe, kwa sababu za kughushi ni nyingi, hasa za waandishi waliokwisha kufa. Cheti cha uhalisi kilichotolewa na muuzaji asiyejulikana ni karatasi tu.

Kutunza vitabu katika hewa ya pwani

Ushauri mwingi wa utunzaji umeandikwa na watu wa nchi za baridi, na hauwafai sana wakazi wa Mombasa, Unguja, Dar es Salaam au Muscat. Karatasi hupenda hewa yenye unyevu wa wastani, asilimia 40 hadi 50 hivi. Pwani unyevu hupita kiwango hicho karibu mwaka mzima. Matokeo yake ni ukungu, madoa ya rangi ya kahawia, na wadudu wanaokula gundi ya uti wa kitabu.

Dawa zake si za gharama kubwa. Rafu isiguse ukuta wa nje, na iachiwe nafasi nyuma ili hewa ipite. Kabati lililofungwa kabisa ni hatari kuliko rafu wazi, isipokuwa likiwekwa vifuko vya kunyonya unyevu, vile vinavyokutwa ndani ya sanduku la viatu vipya, na vikabadilishwa mara kwa mara. Miguu ya rafu ikaguliwe mchwa kila mwezi. Jua lisipige migongo ya vitabu. Kila baada ya majuma machache vitabu vishushwe, vipanguswe na kufunguliwa kidogo.

Na kuna tabia moja ya kuachwa. Wengi wamefunzwa shuleni kufunika vitabu kwa karatasi ya plastiki yenye gundi na kuziba mipasuko kwa selotepu. Kwa daftari la hesabu ni sawa. Kwa jaketi la kitabu cha kukusanya ni maangamizi, kwa kuwa gundi hugeuka njano, hupenya karatasi na haitoki tena. Jaketi huvishwa plastiki angavu isiyo na gundi, inayokunjwa tu kuzunguka na kuweza kuvuliwa wakati wowote.

Msomaji wa Kiswahili aanzie wapi?

Safari ya Marekani au Uingereza ni ghali, na viza ni kikwazo ambacho mashabiki wa Afrika wamekilalamikia kwa haki. Ndiyo maana mashabiki wa Afrika Mashariki wamewania kuileta Worldcon Kigali mwaka 2028, na ndiyo maana mikutano ya nyumbani, kwa mfano NAICCON ya Nairobi kwa wapenzi wa katuni na mavazi ya wahusika, inastahili kuungwa mkono. Tangu 2017 kuna pia Tuzo za Nommo, zinazotolewa kwa hadithi za fantasia na za kubuni za kisayansi za Waafrika, ambazo orodha zake za washindi ni mwongozo mzuri wa nini cha kununua.

Lakini rafu ya mkusanyaji wa Kiswahili haihitaji kungoja viza. Pwani hii ina fantasia yake. Kusadikika ya Shaaban Robert, nchi iliyo angani, ilitoka mwaka 1951. Adili na Nduguze, yenye majini na ndugu waliogeuzwa manyani, ilitoka mwaka 1952. Euphrase Kezilahabi aliandika Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, riwaya mbili zinazokwenda katika nchi ya ndoto. Said Ahmed Mohamed alimfufua babu katika Babu Alipofufuka mwaka 2001, na Kyallo Wadi Wamitila akamtembeza mhusika wake katika dunia ya ajabu kwenye Bina-Adamu! mwaka 2002. Kwa Kiingereza, Khadija Abdalla Bajaber wa Mombasa alitoa The House of Rust mwaka 2021, hadithi ya binti anayeingia baharini katika mashua ya mifupa, pamoja na paka anayesema, kumtafuta baba yake mvuvi. Kitabu hicho kilikuwa cha kwanza kupata Tuzo ya Ursula K. Le Guin, mwaka 2022.

Chapa za kwanza za vitabu hivi bado zimo majumbani, kwenye masanduku ya walimu wastaafu, na kwa wauzaji wa vitabu vya mitumba wa barabarani Nairobi na Dar es Salaam, ambao mara nyingi huziuza kwa bei ya kitabu chochote kikuukuu. Zilizochakaa huishia kufungia karanga. Msomaji anayekutana na Adili na Nduguze ya zamani afungue ukurasa wa haki za uchapishaji, asome mwaka, aangalie kama kurasa zote zipo, kisha aulize kitabu kilikuwa cha nani na kilifikaje hapo. Majibu ayaandike kwenye karatasi ya pembeni kwa penseli, pamoja na tarehe, na karatasi hiyo aiweke pamoja na kitabu.